Nipe Mji

Nalala nikiwa nimening'inia. Si kitandani wala si chini, ni juu ya mkaratusi katika shamba la mtu nisiyemjua, kamba za mwavuli zimenishika kwapani kama mtoto anayefundishwa kutembea, na mguu wangu wa kulia umegeukia upande ambao miguu haigeukii. Ni mchana kweupe. Ndege yangu imeangukia ng'ambo ya kilima, nauona moshi wake mweusi, na kila mtu wa nchi hii anauona pia. Kombora lilikuja kwa nyuma, sikuliona, nilichoona ni taa nyekundu zote zimewaka kwa pamoja, nikavuta mpini, kiti kikanitupa nje, basi. Mimi ni Luteni Gwamaka Mwakasungula, rubani wa vita, niko nchi ya adui, na mto wa mpakani uko mbali huko kusini. Ninachopaswa kufanya nakijua, tulifundishwa mpaka tukachoka: ukikamatwa sema jina, cheo na namba, halafu funga mdomo. Zaidi ya yote, usitaje mji ambako ndege zetu zimefichwa. Ni mji mdogo, uwanja wake tumeushindilia kwa changarawe katikati ya mashamba ya pamba, na adui ameutafuta tangu vita vianze hajaupata. Jina lake sitalitaja hata hapa. Pale yupo Sajini Mtweve, fundi wangu, ambaye kila ninapotaka kuruka huipiga ndege kofi la upendo puani na kuniambia, hii ni yangu, Luteni, wewe nakuazima tu. Pale wapo pia mke wangu Tusajigwe na mwanetu Ambakisye, wamepanga chumba nyuma ya kiwanda cha pamba kinyume cha amri, kwa sababu mke wangu si mtu wa kuamriwa. Mji ule ukijulikana, utapigwa mabomu siku hiyo hiyo. Najikaza nisilale. Lakini damu inanitoka, na usingizi hauna adabu, hauombi ruhusa ya mtu.

Kamba zinalegea zenyewe. Nashuka polepole, mguu hauumi, na chini hakuna shamba tena, kuna barabara. Ni barabara pana iliyonyooka, imechorwa mistari myeupe katikati kama uwanja wa kurukia ndege, ila haina mwisho, na kila ninapotupa macho naona nyingine inaikata, na nyingine inaikata hiyo, zote sawa. Mbele yangu anatembea mtu aliyevaa ovaroli ya buluu yenye doa la oili mgongoni. Namjua kwa doa lile. Mtweve, naita, Mtweve ndugu yangu, nipeleke nyumbani, ndege yako nimeiharibu, utanitukana tukifika. Anageuka. Hana uso. Pale penye uso pako laini, patupu, kama sahani iliyooshwa. Sishangai, na hilo ndilo linalonitisha, kwamba sishangai. Kitendawili, ananiambia. Nami naitikia hapo hapo, tega. Niambie wewe, ni nani aliyelelewa kwetu akasikia kitendawili asiitikie tega? Ni kama kupiga chafya. Basi anatega: nimeondoka nyumbani na ng'ombe wa watu, nimerudi na kamba. Nafikiri, nazunguka, nataja mchungaji, nataja mwizi, nataja mchinjaji, kila jibu analitikisia kichwa, mpaka nakubali kwamba nimeshindwa. Nipe mji, anasema. Huo ndio utaratibu, mwenye kushindwa hutoa mji, watoto wote wanajua. Mimi nampa Tabora, bila kufikiri, kwa sababu nilisoma sekondari huko na maembe yake yalinishinda kula.

Na mara tumo Tabora. Lakini ni Tabora ya ndani ya kioo. Maandishi ya madukani yanasomeka kutoka kulia, fundi cherehani anakata kitambaa kwa mkono wa kushoto, gari moshi linaingia stesheni kinyumenyume na abiria wanashuka wakitanguliza visogo, na wote hawana nyuso, wote wananipisha kwa heshima kama ninayekwenda kuzika. Yule wa ovaroli anasimama katikati ya mji na kusema kama wasemavyo waliopewa miji: nimekwenda Tabora, nimekula asali, nimelazwa kitanda cha kamba, watu wa Tabora wanakusalimu, na jibu lake ni rubani na mwavuli wake. Natazama bega langu, kamba zingali zinaning'inia. Kweli mjinga ni mjinga tu, hata akipewa mabawa. Nataka kucheka. Tunatoka mjini, nageuka niuone tena, na nyuma yangu ni barabara tupu. Nautafuta kichwani, haumo pia. Najua nilisoma mahali fulani, najua kulikuwa na kengele ya shule na vumbi jekundu, lakini mahali penyewe pamekatwa kama picha iliyochanwa kona. Turudi, namwambia, nimekosea, nirudishie mji wangu. Kilichotolewa hakirudi, ananijibu, hatua zake haziongezeki wala hazipungui. Kitendawili. Mdomo wangu unasema tega.

Ninacho; nikikupa, sina tena, na wewe huna. Nashindwa. Nampa Songea, anakwenda Songea, anakula ulezi, jibu lake ni siri, na Songea inazimika nyuma yetu. Nampa Lindi. Nampa Kondoa. Natoa kwanza miji ya mbali, ile nisiyo na jamaa, kama bahili anayechinjia wageni kuku wagonjwa, nikidhani mwongozaji wangu atachoka kabla miji haijaisha. Hachoki. Nchi yangu nzima inapita mkononi mwake mji baada ya mji, kila mmoja umegeuzwa, kila mmoja hauna uso, na nyuma yetu giza linafuata taratibu kama mtu anayefunga maduka. Sasa ndipo natazama miguu yake. Mtweve huvaa raba za kitambaa, hajawahi kukanyaga bawa la ndege kwa kitu kingine, atakupiga ukijaribu. Huyu amevaa buti. Ovaroli yenyewe imechujuka, si buluu tena, inaelekea kijani, na vifungo vyake vina nembo nisiyoipenda. Wewe si Mtweve, nasema. Nani alikuambia mimi ni Mtweve? anauliza. Ulitaka niwe yeye, nikawa. Nataka kukimbia. Nakimbia kweli, nakata njia panda, nakata nyingine, napumua kama mbwa, na kila njia ninayoishika yeye yuko mbele, anatembea tu. Hapo najua kwamba sitatoka. Nalia, sioni aibu kusema, nalia kama mtoto barabarani.

Ndipo naiona nyumba. Ni chumba kimoja chenye pazia la maua, na kwenye ngazi ameketi Tusajigwe anamenya ndizi, na yeye ana uso. Uso wake wote, na kovu dogo la tetekuwanga juu ya nyusi. Katika nchi hii yote ndio uso pekee, na moyo wangu unaniuma kwa furaha. Ugonile, Baba Ambakisye, ananisalimu kwa salamu ya kwetu Rungwe. Ndaga, naitikia, ndaga mama, ingieni ndani, mchukue mtoto, mfunge mlango. Mbona unahema hivyo, ananiuliza, umekula? Mama Ambakisye, sikiliza, kuna mtu nyuma yangu, akikwambia kitendawili usimwitikie. Anacheka. Mke wangu anapenda vitendawili kuliko nyama, alinishinda navyo kwenye harusi ya dada yake na ndivyo nilivyomwoa. Na sasa buti zimefika, sauti laini inasema, kitendawili, na kabla sijamziba mdomo yeye ameshaitikia kwa bashasha, tega! Mgeni simwoni akiingia, simwoni akitoka, naye amekula nusu ya umri wangu. Tusajigwe anaegemea mlango, anafikiri, anahesabu kwa vidole vyenye utomvu wa ndizi. Njaa, anasema. Deni. Mume wangu, anasema, na kuniangalia kwa jicho la utani. Siyo, siyo, siyo. Haya, tumeshindwa, anasema, Baba Ambakisye, mpe mji.

Sina mji. Nakwambia natafuta kichwa kizima, kila kabati, na nimebaki na miwili tu: mji wa pamba, na Tukuyu kwetu, alikozikwa mama yangu, ambako mvua hainyeshi bali inaishi. Mpe, jamani, anasema Tusajigwe, mchezo tu huu, mbona unakuwa mgumu? Nikiutoa ule, yeye atakufa kweli, na mtoto, na Mtweve chini ya bawa na spana mkononi. Nikiutoa huu, nimemtoa yeye pia, kwa sababu tulikutana huko na yote niyajuayo kwake yameanzia huko. Nisamehe, namwambia. Anasema, kwa lipi? Na mimi natamka, Tukuyu. Nimekwenda Tukuyu, anasema mwongozaji, nimekula ndizi, nimenyeshewa, na jibu lake ni usingizi. Kovu linatangulia kufutika. Kisha nyusi, kisha mdomo uliokuwa bado unataka kusema jambo. Naushika uso wake kwa mikono miwili nikijaribu kuuzuia, lakini mikononi mwangu mnabaki ulaini tu, na ndizi iliyomenywa nusu inaviringika mpaka barabarani. Kitendawili, anasema yule wa buti. Nauma ulimi mpaka naonja damu. Kimya. Nimemshinda, nafikiri, hatimaye nimemshinda. Na hapo sauti yangu mimi, kutoka mahali nisipopajua, inasema tega. Hiki ni chepesi, ananiambia, na ananiinamia karibu kabisa, pumzi yake inanuka chai ya tangawizi. Ndege yako iliruka kutoka wapi?

Nafumbua macho. Kuna dari ya bati, dirisha lenye nondo, kitanda cha chuma, na mguu wangu umefungwa vipande vya mbao na sasa unauma, unauma kama inavyopasa. Kitambaa kibichi kimewekwa kwenye paji langu. Pembeni ameketi bwana mmoja mwenye sare ya kijani, mtu mzima, mwenye masharubu yaliyokatwa vizuri na macho mapole, ameshika kikombe. Afadhali umeamka, Luteni, ananiambia kwa Kiswahili kizito cha ng'ambo ile. Homa ilikuzidi. Umelala hapa tangu walipokushusha mtini. Namuuliza, nilisema kitu? Ah, ulisema mengi, anajibu, ulikuwa unacheza vitendawili kama mtoto, nami nilivicheza sana kwa bibi yangu, nikaona nisikuache ucheze peke yako. Umenitembeza nchi nzima. Una nchi nzuri. Namuuliza, nilikupa miji mingapi? Mingi. Wa mwisho ulikuwa upi? Anautazama mlango, kisha ananitazama mimi, na naapa kuna huruma machoni mwake. Pumzika, ananiambia. Utakunywa chai?

Najipima. Naiita Tabora, inakuja, na maembe yake na kengele yake. Naiita Songea, inakuja. Tukuyu inakuja na mvua yake yote, na kaburi la mama, na Tusajigwe akiwa msichana anayenicheka harusini. Basi niko macho, miji yangu imerudi. Nauita ule mdogo, wa pamba. Naona changarawe, naona pazia la maua, namwona Mtweve akifuta kioo kwa shati lake, lakini jina haliji. Naliita tena. Nalisaka kwa herufi, moja moja, mpaka jasho linanitoka, na pale lilipokuwa pako laini. Nje, karibu kabisa, injini zinawashwa, ya kwanza, ya pili, kisha siwezi kuzitofautisha tena, na mimi ni rubani, naujua mlio wa ndege iliyobeba mzigo. Zinapita juu ya bati, kikombe kinatetemeka, zinaelekea kusini. Kama bado naota, mke wangu yu hai. Sina la kumwomba Mungu zaidi ya hilo, kwamba niwe bado ninaning'inia mtini, navuja damu, naota. Namkodolea macho yule bwana wa masharubu na kuungoja uso wake ufutike. Nangoja. Uso umetulia pale pale, unapuliza chai, unakunywa.