Doa Baridi la Profesa

Nimechoka, jamani. Nimechoka na doa lile baridi hadi mama yangu akipiga simu haulizi tena kama nimekula. Anauliza, "Bado hamjalipatia dawa?"

Lenyewe ni hivi. Anga lote limejaa mwanga mkongwe kuliko nyota yoyote, uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga. Umepoa karibu sawasawa kila upande, isipokuwa sehemu moja iliyopoa kupita kiasi. Profesa wangu amemalizia ujana wake hapo akitafuta sababu. Vumbi la galaksi yetu? Tulilisafisha, doa likabaki. Hitilafu ya chombo? Chombo kingine kikaliona vilevile. Pengo kubwa lisilo na galaksi, linaloupoza mwanga ukipita? Lipo, ila kwa kazi hiyo halitoshi. Akabaki na sababu aliyoipenda tangu mwanzo: ulimwengu mwingine uliwahi kutugusa, na doa ndilo kovu. Makala ilikuwa tayari, ya mwisho kabla hajastaafu, na jina langu chini ya lake.

Mimi nikamwambia kuna sababu hajaigusa: bahati nasibu. Rusha dadu mchana kutwa, namba sita itajirudia mfululizo tu bila mkono wa mtu.

"Haya," akasema, amenuna. "Changanya."

Hiyo ni desturi ya maabara yetu, aliianzisha mwenyewe. Kompyuta inachora picha za anga za uongo, kwa bahati tupu, picha ya kweli inafichwa katikati, na mwenye dai anaitafuta kwa macho. Akishindwa, makala haiendi popote. Amewaliza wanafunzi wengi kwa mtindo huo, na mimi nimo.

Nikachagua picha zenye madoa yanayokaribia kufanana na letu, nikazigeuza kila moja kivyake ili asitambue doa kwa mahali lilipozoea kukaa. Nikamtandazia mezani. Akavaa miwani, akanicheka.

"Binti yangu, hata mke wangu sijamtazama kama nilivyolitazama doa hili. Unanichezea."

Akaanza kutupa. Hii siyo. Hii siyo. Hii na doa langu wapi na wapi! Karatasi zikajaa sakafuni. Mwishowe akabaki na moja, ameishika kwa mikono miwili, uso umemnawiri.

"Ndiyo hii. Kovu langu nalijua."

Ningesema ndiyo, tungeituma makala, yeye angeondoka na heshima yake na mimi ningekwenda kulala. Wallahi nilitaka kusema ndiyo! Nilimwonea huruma mzee wa watu, na mwenyewe nilijionea huruma zaidi.

"Siyo, Profesa. Hiyo imechorwa na kompyuta jana."

"Acha utani wako," akacheka.

Sikucheka. Naye, kidogo kidogo, akaacha kucheka. Akaiweka mezani ile picha, akainyoosha kona iliyojikunja.

"Sasa ya kweli iko wapi?"

Nikainama, nikaiokota sakafuni, nikaigeuza wima kama anavyoijua. Akaitazama sana.

"Hii niliitupa ya kwanza," akasema.

Kisha akaniomba niifute makala mimi, maana yeye machozi yalikuwa hayamwachi aone.