Saini ya Marehemu

Jumatatu ya tarehe kumi na tatu Januari 2025, siku walipoanua tanga la Demetria huko Gongo la Mboto, ndiyo siku marehemu alipotia saini.

Mumewe Leodegar, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa anakunja mkeka pale jirani yake Bupe alipomletea simu. Bupe ni nesi; zahanati yao hufungia siri za wagonjwa kwa programu aliyokuwa akiitengeneza Demetria na wenzake.

"Baba Flaviana, hebu ona. Toleo jipya limetoka leo, na saini ni ya mama Flaviana."

"Leo? Kaburini kuna kompyuta?"

Hakucheka mtu. Demetria alikuwa amemweleza mumewe mambo hayo akiwa kitandani anaumwa. Saini yake ilitoka kwenye ufunguo wa siri uliomo ndani ya kompyuta yake ya nyumbani, na nakala yake ofisini, na chochote chenye saini hiyo watu walikiamini.

"Kwenye ufunguo wangu nimekuandika wewe uwe mbatilishaji," alisema. "Nikifa, bonyeza hapa kwa ufunguo wako niliokutengenezea humu, kila mtu ajue wangu haufai tena. Wakubwa wa ofisini nawajua, hawatauachia."

Leodegar aliitikia. Lakini kwa walivyomlea Bukoba, mfiwa hagusi kazi kabla tanga halijaanuliwa, na ile kompyuta yeye aliihesabu kazi, sawa na mashine yake ya kuchomelea. Akaiacha imefunikwa kanga.

Jioni ile akaifunua, akabonyeza. Kioo kikaandika kwamba tangazo limepokelewa. Keshokutwa yake likatoka toleo jingine, na saini ile ile.

Akaifuata ofisi Kinondoni. Brightson, mkuu wa mafundi wa programu, akainuka kitini.

"Shikamoo mzee wangu. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba. Mnamfanyisha kazi maiti?"

"Hapana, mzee. Zahanati zimezoea saini yake, tukiibadilisha ghafla zitagoma. Halafu tunamuenzi."

"Kamuenzini mama yenu! Mie huo ufunguo nimeshaubatilisha."

"Tumeona. Ishu ni programu yenyewe inayokagua saini. Nafasi ya mbatilishaji tuliiweka, na alama ya ufunguo wako imo, inasomeka vizuri kabisa. Ila hatujaiandikia amri ya kukutii. Inamtii mwenye ufunguo tu."

"Mwenye ufunguo tumemzika wote, na wewe ulitupa udongo."

Brightson akajikuna shingo. "Labda ungewahi, mzee. Ungebonyeza mapema..."

Maneno hayo yalimchoma kuliko cheche za kazini. Akazihesabu siku zote alizokaa mkekani.

"Ningebonyeza siku ileile aliyokata roho, ingenitii?"

Kijana akatazama dirishani. "Hapana."

"Sasa unanibebesha mzigo wa nini?"

Ndivyo walivyo wenye vyeo, Leodegar aliwaza. Jina lako wataliandika vizuri, tena kwa wino mzito, ukifika mlangoni wanakuuliza umetumwa na nani. Demetria alimpa neno moja tu la kumsemea, na hata hilo wamelipokea wakaliweka kabatini.

Mafundi wengine walikuwa wameacha kubofya, wanasikiliza. Akawageukia wote.

"Haya. Hilo toleo mlilolitoa yeye yuko chini ya ardhi, likija kuvuja, siri za magonjwa ya watu zikazagaa mitaani, na jina lililopo pale ni la mke wangu: watu watamlaani nani?"