Minde Aliyepanga Picha Zangu

Ndoto ya jana ilinikuta Msitu wa Rungwe, nikifunga kamera ya mtego kwenye shina la mti, usawa wa goti, kama ninavyofanya kila wiki. Kazi yangu ni kufuatilia njia za minde, yule paa mweusi wa milimani ambaye wengi hawajawahi kumwona.

Nilipomaliza, kamera ikasema, "Sekela, kanuni ni moja. Kinachopita mbele yangu ni mnyama."

Nilikuwa nimeshapita.

Nageuka nikimbie. Msitu haupo, niko ofisini. Kwenye kiti changu amekaa minde jike, mzee, miwani puani, anapanga picha. Katika zote nimo mimi. Nachota maji. Nalala. Naingia kwa dada yangu.

"Huyu ana mazoea," minde anaiambia kamera yangu, ambayo sasa iko mezani. "Asubuhi hupita hapa, jioni pale. Kumnasa si kazi."

Nikajitetea: "Mama, sina ubaya. Nawahesabu tu."

"Salamu kwanza."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na hii?"

Akanisogezea picha moja: mimi na shemeji yangu Mwaisumo, namwonyesha kwenye simu kijito wanaponywea minde.

"Aliniuliza," nikasema. "Ni mume wa dada yangu. Ningemnyimaje?"

"Hukumnyima," akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha. "Nasi hatukumnyima njia yako."

Nikatoka mbio. Mlango unafungukia kijitoni. Mguu unaingia kitanzini, waya unakaza juu ya kifundo. Mwaisumo anakuja, anapiga mluzi kama mtu anayekwenda shambani.

"Shemeji! Ni mimi!" naita. Kinachotoka kinywani ni mlio wa paa. Panga lake linafyeka majani, karibu, karibu zaidi.

Nainama nauma waya. Nauma tena.

Nikaamka, jua limeshapanda. Kabla sijanawa uso nikampigia Ambilikile, askari wa msitu, nikamwambia yote: kijito, mitego, jina la shemeji yangu, na kwamba njia nilimwonyesha mimi.

Akajibu: "Nimekuelewa, nakwenda sasa hivi. Lakini dada, una nini mdomoni? Husikiki vizuri."

Nikapitisha kidole kwenye meno, nikatoa kipande cha waya. Kilikuwa na manyoya meusi.