Wiki Sita za Kupumzishwa

Ngumi ilimchana Nyundo juu ya jicho. Damu ikamtiririkia mdomoni, akaimeza ili mjomba wake asiione.

Ilikuwa raundi ya tatu ya mazoezi. Makubaliano yalikuwa wazi: akimaliza raundi sita na bondia mwenzake, dada mmoja anayefanya kazi buchani, Jumamosi anapanda ulingoni kuwania mkanda. Asipomaliza, haendi.

Mjomba, ambaye ndiye kocha, alikuwa amempumzisha wiki sita. "Mwili ukikimbizwa sana unashika kutu," alisema, akawa anampa vidonge vya vitamini, kiganja asubuhi, kiganja jioni. Dada wa buchani hakupumzika hata siku moja. Kila alfajiri alibeba mapaja ya ng'ombe begani, kisha akakimbia.

"Mjomba, msimamishe!" alisema dada mkubwa wa Nyundo, mpima damu wa hospitali. "Kweli, kuhema kwa nguvu kunachoma seli. Lakini ukifanya kila siku, mwili unazoea, unafuga walinzi wake wenyewe. Wewe umewafukuza walinzi, ukaweka vidonge mlangoni!"

"Mpima mikojo, nyamaza. Hapa hatupigani kwa vichupa."

Raundi ya nne, mikono ya Nyundo iligeuka magogo. Dada wa buchani alimbamiza ini, akampasua mdomo, akambana kwenye kamba akimtwanga kama anayevunja mbavu za ng'ombe.

"Anguka basi, mwenzangu," alimnong'oneza. "Nakuonea huruma."

"Huruma kampe mumeo." Nyundo akatema jino.

Dada mkubwa akarusha taulo. Mjomba akalipiga teke, likatoka nje. Basi dada mkubwa akapenya katikati ya kamba, na ngumi ambayo dada wa buchani alikwisha kuiachia ikamkuta yeye kwenye taya. Akaanguka kama gunia.

Nyundo alipiga magoti, akamgeuza. Macho yalikuwa wazi, lakini hayamwoni mtu.

"Muda unakwenda!" mjomba alifoka. "Inuka, zimebaki mbili tu!"

Nyundo akavua glavu kwa meno. Akamkamata mjomba ukosi kupitia kamba, akamvuta kwa nguvu zote zilizobaki. Pua ya mzee ikagonga chuma cha kona, ikalia kah!

"Jumamosi siendi. Kwanza ita gari la wagonjwa, kisha waambie wenye pambano."

"Mwanangu, mkanda..."

"Piga simu, Mjomba. Nakusikiliza."

Damu ikimchuruzika kidevuni, mjomba akaanza kupapasa mfukoni.