Mama Asionekane

Provia alikuwa amepiga magoti akisugua sakafu ya chumba cha mama yake kwa mara ya tatu, na harufu haijatoka. Ilikuwa harufu ya kidonda. Tangu Pasaka mguu wa kushoto wa Mama Kabugho ulikuwa ukioza pole pole kwa ugonjwa wa sukari. Usaha ulikuwa umeingia kwenye godoro, uvundo wake kwenye mapazia, na Provia aliona kama hata saruji imeunywa. Kila alipokamua kitambaa kwenye beseni, aligeuza uso.

Mama mwenyewe ndiye aliyesema nyumba iuzwe. Ilikuwa Bwera, mji mdogo wa mpakani, juu ya kilima, ngazi kumi na nne za mawe kutoka barabarani hadi mlangoni, na choo kiko mbali nyuma ya migomba. Mtu asiyetembea bila kushikwa angeishije pale? Alitaka akakae na Provia mjini Kasese, karibu na hospitali. Watoto wote wawili waliliafiki hilo. Kilicholeta shida ni maneno ya dalali.

Dalali aliitwa Swalik, kijana wa viatu vyenye ncha na simu mbili. Alizunguka nyumba nzima akipiga picha.

"Hii rangi ya kijani tunafuta, tunapaka krimu," alisema. "Kuku watoke. Makochi naazima kwa rafiki yangu. Watu wananunua kwa macho, munajua?"

Hayo Provia aliyakubali. Kisha Swalik akashusha sauti. "Na mama asionekane. Mutu akikuta mugonjwa ndani, anasema nyumba iko na mukosi. Na ile harufu..." Akaziba pua kwa vidole viwili.

Thembo, kaka yake Provia, mwenye duka la misumari na mabati huko Kasese, akaitikia kwa kichwa upesi. "Ni saa moja tu. Nitampeleka kwa jirani."

Provia alimchukia Swalik kwa vile vidole vyake puani, lakini moyoni alipumua, kwa sababu mtu mwingine amelisema lile ambalo yeye alilifikiri kila alipofungua bandeji. Nafuu hiyo ilimtia kinyaa kuliko usaha.

Jumamosi alishuka barabarani kununua soda za mnunuzi aliyekuwa aje kuona nyumba. Aliporudi alikuta kitanda cha mama kimetandikwa shuka jipya, na Thembo anapuliza manukato ya kopo chumba hadi chumba. Utamu wake ulichanganyika na uvundo uliobaki, ukawa kitu kibaya zaidi, kama embe lililooza ndani ya mfuko.

"Mama yuko kwa jirani?"

"Yuko pazuri. Weka soda mezani."

Mnunuzi alifika kabla ya adhuhuri. Aliitwa Amoding, mke wa sajenti, mzaliwa wa Teso. Alikuwa ameishi kambini miaka kumi na saba na sasa alitaka nyumba yake mwenyewe, karibu na mpaka, kwa kuwa alikuwa akiuza vitenge. Hakukaa kwenye kochi la kuazima. Aligonga kuta kwa ngumi, akafungua kila mlango, akainama kutazama chini ya kitanda.

"Hapa nani alikuwa nalala?" aliuliza.

"Wageni," Provia akajibu. Uongo ule ulimtoka bila kukwama popote.

Wakatoka nyuma. Kulikuwa na stoo ya kahawa, kibanda cha matofali chenye bati na mlango wa mbao. Mlango ulikuwa na kufuli mpya.

"Hii nataka kuona. Vitenge nitaweka wapi?"

"Ufunguo umepotea," Thembo alisema. "Ni stoo ya kawaida tu, madamu."

Kitu kikagonga ndani.

"Ni mbuzi," Thembo akasema haraka. "Tumefunga mbuzi humo."

Swalik akacheka kidogo, akamshika Amoding kiwiko ili amgeuze arudi mbele. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mbao, nyembamba, imekauka.

"Provia! Mwanangu, nina kiu."

Amoding alichomoa kiwiko chake. "Mbuzi ya hapa iko nasema?"

Provia akamwendea kaka yake, akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa suruali mbele ya wageni, akautoa ufunguo. Thembo alinong'ona, "Acha ujinga, tunakaribia kuuza," na pumzi yake ilinuka manukato yale yale.

Mlango ulipofunguka joto liliwapiga usoni. Mama Kabugho alikuwa ameketi juu ya gunia, mgongo ukutani, kanga yake imelowa mkojo. Nzi walikuwa wamejaa kwenye bandeji. Amoding alitazama mguu, akamtazama Thembo kwa muda mrefu, kisha akatema mate chini, karibu kabisa na viatu vya Swalik.

"Mimi nimeishi na wanajeshi," alisema. "Hii sijaona." Akashuka ngazi, asigeuke nyuma.

Swalik alimfuata mbio akiita, "Madamu! Madamu!"

"Umetuharibia," Thembo alimwambia Provia. "Ulishindwa kungoja dakika tano?"

Provia alimbeba mama hadi uani, akampa maji, akamwogesha, akabadilisha bandeji. Safari hii hakugeuza uso.

"Ulijua?" mama aliuliza.

"Nilijua utafichwa. Sikujua ni wapi. Sikuuliza mara ya pili, mama."

Mama alifukuza nzi kwa mkono. Kisha akasema, "Huyo mama alisemaje juu ya nyumba?"

"Aligonga kuta. Hakupata kasoro."

"Basi mtafute mpigie simu. Nitamwonyesha mimi."

Amoding alirudi Jumanne, peke yake, bila dalali. Mama Kabugho aliketi mlangoni, mguu umenyooshwa mbele bila kufunikwa, kuku wamerudishwa uani. Alimweleza bati la jikoni linapovuja, upande gani upepo wa mlimani unaingia, na jirani yupi ana ubishi wa mpaka. Amoding alisikiliza, mara moja moja akiuliza dawa gani anatumia. Jioni hiyo walikubaliana.

Siku ya kuandikiana mkataba, Thembo alikuja na shati jeupe, akavuta kiti ili atie sahihi kama shahidi.

"Wewe hapana," mama alisema. "Aitwe katekista."

Thembo alicheka, akadhani ni utani. Baadaye alinunua nyama choma ya watu wote, akamwekea dada yake sahani iliyojaa. Provia alikitazama kidole cha kaka yake chenye mafuta kikisukuma sahani ile mezani. Akainuka, akaenda kumalizia kufunga vyombo vya mama yake.