Matope ya Bwana Kioo

Ungemwona Wakesho siku zile, mwanamke mzima ameinamia sanduku la kioo akiongea na visamaki, ungecheka. Umi, mama yake Kombo, mke wa fundi cherehani pale Voi, alicheka hasa.

"We Wakesho, hao hata kitoweo si kitoweo. Ukiwakaanga wote hawamshibishi paka!"

"Hawa si wa kula, Mama Kombo. Hawa ndio nyumba yangu."

Hakuwa anatania. Mumewe alipozikwa kule kwao mlimani Mbololo, wazee walikaa wakaamua arithiwe na shemeji yake, Mwandawiro, ambaye tayari alikuwa na mke, Gertrude, tena mwenye ulimi. Padri alikataza mambo hayo, ndiyo, lakini padri hakumpa Wakesho pa kulala. Aliyempa ni mzungu mmoja wa reli, ambaye watu walimwita Bwana Kioo kwa sababu ya lile sanduku lake la samaki. Alimpa kazi ya nyumba na chumba cha uani. Kazi ikiisha na chumba kimeisha, na njia ya kupanda Mbololo Wakesho aliijua.

Samaki wenyewe walitoka kwenye vidimbwi vya mvua upande wa Mraru. Bwana Kioo aliwavua na kuwaweka sebuleni, juu ya tabaka la matope laini. Siku ya kwenda likizo kwao alimwita Wakesho, akamnyooshea kidole.

"Angalia samaki mzuri. Chakula kila siku. Mimi rudi, ona kazi mbaya, wewe kwenda Mbololo."

Habari ya matope hakuitaja. Labda aliona ya nini kumweleza mtumishi.

Basi Wakesho akawaangalia kama watu wanavyoangalia mtoto mchanga. Mwanzoni aliwatilia maji ya mfereji moja kwa moja, mmoja akapinduka tumbo juu. Tangu hapo maji aliyalaza kwanza ndani ya debe. Chakula alichota viluwiluwi vya mbu kwenye pipa la mvua. Akajua tabia zao. Madume yalikuwa na mkia mwekundu na mwili wa buluu, yenye kiburi, yakikutana yanatandaza mapezi kama wanaume wa kilabuni wanaokunja mikono ya shati. Akamwekea yule mnyonge kigae cha chungu ajifiche nyuma yake. Majike yalikuwa na rangi ya vumbi tu. Dume lilimfuata jike mpaka chini kwenye matope, wakabanana ubavu kwa ubavu, wakatetemeka.

"Haya, haya, mchana kweupe!" Wakesho aliwaambia, akageuza uso.

Kisha kiangazi kikaingia. Wale wekundu wakapauka. Migongo ikapinda, viluwiluwi vikaelea bila mlaji. Asubuhi moja akamkuta mmoja amekufa.

Umi alipokuja akanusa juu ya sanduku, akakunja pua. "Yananuka haya matope, mwanangu. Wanalala ndani ya uchafu wao, watapona vipi?"

Maneno hayo yalimwingia, maana ndivyo akina mama wa kanisa walivyofundishwa misheni: penye mgonjwa pasafishwe kwanza. Akawahamishia samaki kwenye karai. Akayakomba matope yote, akayamwaga njiani nje, jua likayakausha na kuku wakayaparura. Kioo akakisugua kwa majivu mpaka kikang'aa, akatandika mchanga mweupe wa mtoni aliouosha mara nyingi. Akapiga magoti akaomba.

Wakafa tu, mmoja baada ya mwingine, kama waliopatana.

Bwana Kioo aliporudi, Wakesho alimpokea mlangoni. "Samaki wamekufa, Bwana. Niliwatunza, Mungu anajua."

"Najua," akasema yule mzungu, hata hakukasirika. "Hii samaki hapana maliza mwaka. Mvua kwisha, yeye kwisha." Akaenda kwenye sanduku, akainama. Akainuka na uso mwingine. "Matope iko wapi?"

"Nimetupa, Bwana. Yalikuwa yananuka."

"Umetupa! Mayai iko ndani! Mayai ngoja mvua, toka samaki mpya!"

"Hukuniambia, Bwana."

"Wewe hapana uliza."

Wakesho akakumbuka yale majike yakitetemeka chini. Aliyaona kwa macho yake, na uso akaugeuza. Akasema, "Nisamehe, Bwana, mvua ikinyesha nitakwenda mwenyewe kuwavua."

Lakini Bwana Kioo alikwisha kunyoosha kidole kuelekea mlango wa uani.

Akapanda Mbololo na sanduku lake la bati kichwani. Gertrude alikuwa mlangoni pa jiko, mikono kiunoni.

"Umekuja."

"Nimekuja, dada."

"Mimi sikukuita."

"Nami sikutaka kuja."

Gertrude akamtazama kutoka utosini hadi nyayo. "Basi hapo tuko sawa," akasema, akaanza kusogeza vyungu vyake upande mmoja wa meko, akivigonganisha.

Mwandawiro alikuwa ameketi uani ananoa panga. Hakumwuliza mgeni kilichomfukuza mjini, wala hakumpa pole. Bila kuinua macho, akawaambia wote wawili kwamba ana njaa.