Picha ya Eligio

Otilia alishuka Oaxaca, kwao Meksiko, siku yenyewe ya wafu, picha ya kaka yake ameifunga ndani ya shali.

Tangu Aprili alijua. Yeye ndiye aliyeitwa kuutambua mwili uliookotwa jangwani, yeye ndiye aliyemzika Eligio huko Tijuana, mpakani, na kila alipompigia mama simu ulimi uligoma. Habari kama hiyo haipelekwi kwa simu, alijiambia. Haya, sasa amekuja mwenyewe, na ulimi bado umegoma!

"Umekonda wewe!" jirani yao, doña Hermila, alimpokea barazani huku akinyambua maua ya manjano ya kuwaonyesha wafu njia. "Mama yako asije akakuweka mezani pamoja na picha za marehemu!"

"Mwache mwanangu," mama akacheka. "Eti, na yule mhuni kaka yako? Miaka miwili hata salamu! Siku akipiga simu nitamtukana mpaka masikio yamwashe. Kulia baadaye."

Alasiri kengele ya kanisa ingelia, na roho za marehemu zingeanza kuingia majumbani. Meza ya kuzipokea ilikuwa tayari: ubani, mikate, mabakuli ya mole, ule mchuzi mzito wa pilipili, picha ya baba, ya bibi, ya mjomba aliyeanguka na pikipiki. Eligio je? Nani angemkaribisha? Angesimama nje kama ombaomba, akiwatazama wenzake wanakula. Wazo hilo lilimkata maini. Kila alipofungua kinywa aliishia kuomba maji.

Kengele ikaanza. Otilia akaifungua shali, akaiweka picha kando ya ile ya baba.

"Itoe hiyo!" mama akamaka. "Una wazimu? Aliye hai hawekwi hapo. Unamchuria kaka yako!"

Otilia hakuitoa.

"Nimesema itoe, Otilia!"

Mkono wa mama ulikwisha inuka kumzaba kofi. Otilia hakukwepa. Alisimama palepale, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni. Mama akamtazama, akaitazama picha, akamtazama tena. Mkono ukashuka.

"Lini?"

"Aprili, Mama. Nisamehe."

Mama akaketi sakafuni, na Hermila akaingia mbio kumshika. Mara mama akajinasua.

"Nyumba hii haijui!" alisema. "Hermila, tulihamia hapa yeye keshaondoka. Atakwenda kule kwenye nyumba ya zamani, atawakuta watu baki. Nani atamfungulia?"

Akanyakua ndoo ya maua, akatoka pekupeku, akiyamwaga barabarani kuelekea mtaa wa zamani na kuita, "Eli! Eli, baba, huku!" Otilia akabeba ndoo ya pili, akamkimbilia. Kengele ilikuwa ingali inalia, na mtaa wa zamani ulikuwa ng'ambo ya mji.